Friza ya Mifupa

"Shika pembeni, dada, hapa pana kizingiti," msukuma vitanda alisema, akiinua magurudumu ya mbele taratibu. "Ukipona unanishonea suruali ya bure."

"Suruali ya bure hupasukia harusini," fundi cherehani alijibu, akiwa amelala juu ya kitanda hicho. Shangazi yake, aliyekuwa akitembea kando ya kitanda na mkoba wa nguo, akacheka kwa mara ya kwanza tangu kupambazuke.

Nyonga ya kushoto ya fundi ilianza kuliwa na ugonjwa angali msichana. Kila akikanyaga pedali ya cherehani, mfupa ulisagika, hadi picha ya eksirei ikaonyesha kuwa hata pale pa kushikia nyonga ya bandia pamemomonyoka.

"Siwezi kufunga bawaba kwenye fremu iliyooza," daktari alikuwa amemweleza. "Lazima kwanza nijazie mfupa wa mtu mwingine."

Mfupa ukapatikana. Bibi mmoja aliyebadilishwa nyonga aliruhusu wake uliotolewa ugandishwe kwenye friza ya wodi. "Uchukue, mjukuu wangu," alisema. "Mimi umeshanichosha."

Sasa daktari alikuwa akiwangoja mlangoni mwa chumba cha upasuaji, kofia mkononi.

"Mfupa umeharibika," alisema akitazama sakafu. "Friza ilichomolewa jana, ikasahaulika."

"Ilichomolewa kwa nini?" shangazi aliuliza.

"Soketi ilitakiwa kwa vipaza sauti. Mgeni rasmi alikuja kuzindua wodi ya mifupa."

Mkurugenzi wa hospitali alikuwa akipita. Alisimama, akaweka mkono juu ya shuka.

"Pole sana, mwanangu. Ila wewe bado kijana, wazee ndio hawawezi kungoja. Tukipata mfupa mwingine tutakuita."

Fundi aliinuka kwa viwiko.

"Mwaka juzi pia mliniambia mimi bado kijana, ningoje. Wakati ule nilikuwa na mfupa wangu mwenyewe. Leo natafuta wa kuazima!"

"Taratibu, mama. Hapa ni hospitali, tusipaze sauti."

"Jana mlileta vipaza sauti. Leo mnataka ninong'one?"

Wagonjwa waliokaa kwenye mabenchi waligeuza shingo. Mkurugenzi akamgeukia msukuma vitanda. "Mrudishe wodini. Anaziba njia."

Msukuma vitanda alimtazama shangazi, ambaye alikuwa ameukumbatia mkoba kama mtoto mgonjwa. Akakanyaga breki ya mbele, akazunguka, akakanyaga ya nyuma.

"Breki zimekaza, bosi," alisema, akakunja mikono. "Itabidi upite kando."

Korido ilikuwa nyembamba. Mkurugenzi alivuta tumbo ndani, akapita akijisugua ukutani.