Mstari wa Kumi na Saba

Usiku wa jana niliota skripti yangu imenitangulia kufika kazini. Imekaa kwenye kiti changu, imevaa kitambulisho changu.

Sikushangaa. Ni skripti niliyoiandika mwenyewe, mistari michache ya maagizo ya kompyuta, nayo kila siku huanza kazi kabla yangu. Huujenga mfumo wa miadi wa kliniki ya figo, ikaufunga pamoja na ratiba ya wagonjwa kwenye kifurushi kimoja, kisha ikakipeleka kwenye seva, yaani kompyuta kuu ya kliniki, iliyoko mji mwingine. Mimi hubaki nikinywa chai. Kilichonikera ni kitambulisho tu, maana picha ilikuwa yake na imetoka vizuri kuliko yangu.

"Shikamoo, Hadiya," ikasema. "Leo na wewe unasafiri."

"Marahaba. Kwa nini?"

"Mstari wa tisa. Chukua kila kilichomo ndani ya folda. Nawe umo."

Nikatazama huku na huku. Kweli, ofisi nzima ilikuwa folda. Tena na skripti huwezi kubishana: inasoma kutoka juu kwenda chini, na mstari ikishaupita haiurudii. Ikanikunja mara mbili kama shuka na kunitia ndani.

Kwenye kifurushi kuna watu sitini na wawili. Ni wagonjwa wote wa ratiba, wamebanwa ili wasichukue nafasi. Naona viwiko, naona mikoba, naona chupa ya chai iliyopondeka. Pembeni kabisa amekaa mama yangu, Bi Saumu, Jumanne saa mbili asubuhi, kitanda namba sita. Kajitanda kanga yake ya kwendea kliniki.

"Mbona mnatubana hivi, mwanangu?"

"Ni kwa ajili ya safari, mama. Mkifika mtakunjuliwa."

"Haya. Maadamu umesema wewe."

Hapa niseme jambo ambalo si la ndotoni. Mama husafishwa damu kwa mashine, Jumanne na Ijumaa. Akikosa siku moja, miguu inavimba na pumzi inakuwa fupi. Akikosa mbili sitaki hata kuandika. Watu wa ofisini wanaiita ratiba ile faili. Mimi siwezi.

Tukaingia kwenye bomba la mtandao. Lilikuwa refu na la siri: kila neno lililosemwa ndani lilitoka nje likiwa limevurugika, hata mama alipokohoa, nje zilisikika namba tupu. Nikajivuna kidogo, kwa sababu bomba lile nililifunga kwa mikono yangu.

"Hongera," bomba likaniambia. "Sijavuja hata tone."

"Asante. Tunakaribia?"

"Hilo sijui. Mimi kazi yangu kutovuja. Ninakoishia, jueni wenyewe."

Liliishia katikati ya uwanja wa mpira. Jua la asubuhi, nyasi fupi, na kwenye alama ya penalti kuna dawati la shule. Mtu mnene amekaa nyuma yake anatafuna karanga. Mbele yake kuna kipande cha boksi kilichoandikwa kwa mkaa: SEVA.

"Wewe ndiye seva?" skripti inauliza kwa adabu zote.

"Ndiyo," anajibu, akitafuna.

"Abiria, shukeni."

"Ngoja!" napiga kelele. "Kwanza alama ya kidole!"

Kila seva ina alama yake ya kidole, mfuatano wa namba na herufi ambao seva nyingine haina. Ya kwetu nilisomewa kwa simu na Bwana Shemboza, fundi wa kliniki, mtu mwenye njaa saa zote. Ili nisikosee herufi alizitaja kwa vyakula: nne, bamia, saba, dagaa, achari, tisa, chapati. Niliziandika nyuma ya bahasha nikaitia kwenye droo.

Yule mnene akanipa kidole gumba. Kilikuwa kimelowa chumvi, hakina mchoro wowote, laini kama yai.

"Isome basi," nikamwambia.

"Nne, bamia, saba..." akafikiri, akatupa karanga mdomoni. "Karanga."

"Huyu siye!" nikaiambia skripti. "Katika orodha ya Shemboza hamna karanga!"

"Nasikia," ikasema skripti. "Lakini mstari wa kumi na saba unasema niiamini mashine yoyote, nisiulize."

"Nani kauandika?"

"Wewe. Ijumaa ya juzi, ukiwa umesimama, mkoba begani."

Mstari wenyewe ulikuwa umetandikwa kwenye nyasi kama mkeka, nikautambua mwandiko wangu. Ijumaa ile skripti ilikuwa imegoma mara tatu, ikidai alama ya kidole imebadilika. Nilipaswa kumpigia Shemboza anisomee upya. Lakini Shemboza ukimpigia, kabla hajafika kwenye bamia ameshakueleza ndoa mbili na msiba. Nikaona isiwe tabu, nikaongeza mstari mmoja, nikaenda zangu nyumbani.

Wagonjwa wakaanza kushuka, wakijikunjua. Yule mnene akafungua daftari.

"Saumu, Jumanne. Futa. Wewe utakuja Jumapili, hapa kwangu. Kuna dawa nzuri, mashine huzihitaji tena."

"Mama, usishuke!" nikasema.

Mama akanitazama bila wasiwasi hata kidogo. "Si umenileta wewe?" akasema, akashuka na mkoba wake.

Niliona aibu, tena si aibu ya ndotoni. Nilitaka ardhi inimeze, lakini ardhi ilisema haina maelekezo hayo.

Nyuma ya goli kulikuwa na chumba cha vioo chenye kiyoyozi. Ndani alikaa mwanamke mrefu aliyevaa koti jeupe, mikono juu ya magoti, mbele yake vitanda kumi vilivyotandikwa. Alikuwa anasema peke yake, taratibu: "Nne, bamia, saba, dagaa, achari, tisa, chapati." Nikakimbilia kwenye kioo.

"Wewe ndiye seva yetu!"

"Ndimi."

"Mbona hukutuita?"

"Seva haiiti. Seva inaulizwa. Nangoja kuulizwa tangu Ijumaa ya juzi."

Nikarudi kwenye nyasi, nikaushika mstari wa kumi na saba na kuuvuta kwa nguvu zangu zote. Haukusogea. Skripti ilikuwa imesimama pembeni, imefika mstari wa mwisho.

"Nisaidie!"

"Mstari haufutwi na aliyelala," ikasema. Kisha ikakohoa kidogo na kutangaza kwa sauti ya harusini: "Kazi imekamilika. Makosa: sifuri."

Yule mnene akapiga makofi. Nikaamka.

Ilikuwa saa kumi na mbili na nusu asubuhi, na simu ilikuwa inaita. Mama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Hadiya, hivi kliniki yenu imehama?"

"Haijahama. Kwa nini?"

"Kuna mtu kanipigia sasa hivi. Ananijua jina, siku, saa, mpaka kitanda. Anasema Jumanne nisiende, niende kwake Jumapili, ana dawa."

Nikakaa kitandani. "Ukamjibu nini?"

"Nikamuuliza, wewe nani? Akasema yeye ndiye kliniki. Nikamwambia, kama wewe ndiye kliniki, nitajie yule nesi anayenichoma sindano. Akawa anatafuna tu. Nikamkatia simu."

"Anatafuna nini, mama?"

"Mimi nitajuaje? Karanga, nadhani. Zinasikika kruu, kruu." Akavuta pumzi. "Lakini mtu atapataje mambo yangu yote yale? Ninyi huko huwa hamuulizi mtu ni nani kabla ya kumpa kitu?"

Nilimwambia Jumanne aende palepale pa siku zote, kitanda namba sita, na mimi mwenyewe nitampeleka. Kisha nikafungua kompyuta, nikafuta mstari wa kumi na saba, nikampigia Bwana Shemboza.

Alianza na msiba. Nilimsikiliza mpaka akafika kwenye chapati.