Mkia wa Waya

Wivu wa Muthamia haukuanza siku Bwana Carlisle alipomvisha Njeru ovaroli nyeupe. Ulikuwamo moyoni zamani. Siku hiyo ulipata tu pa kukalia.

Na nani asingeona wivu? Miaka minane Muthamia, mtu wa Nkubu, alikuwa fundi kwenye kiwanja kidogo cha ndege huko Embu. Ndege ya Carlisle ilikuwa ya kivita, mabaki ya vita vya Hitla, iliyonunuliwa kwa ajili ya mashindano ya mbio. Muthamia ndiye aliyeing'oa bunduki, akaziba matundu yake, akapunguza ncha za mabawa ili iteleze hewani. Injini yake ya silinda kumi na mbili aliijua kwa sikio. Alibana bisibisi, mpini sikioni na ncha kwenye chuma, akakuambia silinda ipi inakohoa. Njeru alikuja pale hajui hata kushika spana, akafundishwa na yeye. Sasa Njeru alikuwa fundi mkuu, eti kwa kuwa aliweza kusoma kitabu cha injini. Muthamia aliamriwa asiiguse ndege tena, abaki kusukuma mapipa ya petroli. Asante ya punda ni mateke!

Asubuhi ya mbio, akipitisha pipa mbele ya ndege, aliinama kuokota kofia yake, akaona. Bolti ya kumwagia oili haikuwa na waya.

Kila bolti ya pale hufungwa waya wa kusokotwa, injini isije ikaitikisa mpaka ifunguke. Njeru alikuwa amesahau. Furaha ilimpanda Muthamia mpaka akaona aibu. Acha imwagike! Acha ovaroli ile iloe oili mbele ya wazungu wote!

Lakini huo ulikuwa mwaka wa nne wa Hali ya Hatari, serikali ya wakoloni ikiwinda waasi, na mtu mweusi hakuruhusiwa kusahau: kosa lake liliitwa hujuma. Mwezi uliopita dereva mmoja alitiwa kizuizini kwa sababu ya breki mbovu. Carlisle akianguka na ndege hii, Njeru atanyongwa.

Angemwita Njeru tu, amwambie. Ulimi ulikataa. Amwambie, kisha Njeru aifunge mwenyewe na sifa zibaki kwake? La. Akachomoa waya mfukoni, akajipenyeza chini ya ndege, akausokota. Njeru hukata ncha ya waya ikabaki imenyooka. Muthamia huukunja mkia wake ukawa kama pete. Akaikunja pete hiyo makusudi, tena vizuri, ili Njeru akiiona ajue ni nani aliyemwokoa, na imkere maisha yake yote.

Askari aliyelinda kiwanja alimshika miguu, akamvuta nje.

"Wewe nafanya nini hapa?" Carlisle alifoka. "Mimi nasema wewe hapana gusa!"

"Bwana, bolti ilikuwa haina waya. Nimefunga."

Carlisle akachuchumaa, akatazama, akamwita Njeru. "Wewe nafunga hii?"

Njeru akaiangalia ile pete. Aliitambua mara moja. Akamtazama askari, akaitazama ovaroli yake.

"Hapana, Bwana. Huo si mkono wangu."

Alisema kweli tupu.

"Njeru!" Muthamia alilia. "Waambie ulisahau!"

"Nisamehe, Baba Kathambi," Njeru alimnong'oneza Muthamia kwa Kiembu, akimwita kwa jina la mwanawe, macho chini.

Basi bolti zote zikakaguliwa upya, na Muthamia, kwa tuhuma ya kuihujumu ndege, akapakiwa kwenye lori la polisi, pingu mikononi. Lori lilikuwa bado halijafika barabarani ndege ilipopaa juu yao. Alitega sikio akasahau hata pingu. Alitafuta kikohozi kimoja tu, kimoja, amlaumu nacho Njeru.

Silinda zote kumi na mbili zilikuwa safi. Wivu ukamchoma upya.