Nyota Tano za Curtis

Nyota moja. Otilia aliikodolea macho kwenye simu, kisha akasoma tena maneno yaliyokuwa chini yake: maji hakuna, chakula kina wadudu, mwenye nyumba mkali. Mwanaizaya huyo Curtis, mgeni aliyempangisha chumba! Wadudu wenyewe ni panzi wa kukaanga kwa ndimu na pilipili, aliodamka kwenda kuwachagua sokoni kwa sababu mgeni hapewi makombo.

Hayo ya maji ndiyo yaliyomzidishia uchungu. Mtaa wao wa Xochimilco, hapo Oaxaca, Meksiko, hupata maji kwa zamu, na boza lisipopita watu huoga kwa kikombe. Hilo alimweleza Curtis siku alipofika, kwa maneno na kwa vidole. Curtis akaitikia, kisha akaingia bafuni na mbwa ambaye hakusema kwamba anaye, akamwogesha mpaka tangi la juu ya paa likakauka. Mbwa alipotoka kuoga akapanda kitandani, akatafuna tandiko ambalo Otilia alilifuma kwa mikono yake. Otilia aliponung'unika, yule bwana alitabasamu tu.

"Mama, chunga ulimi," alimwambia. "Mwenye kutoa nyota ni mimi."

Na kweli alimweza. Vidole vya Otilia vilikwisha kupinda kwa baridi yabisi, kufuma hawezi tena, na chumba kile ndicho kinachomlisha. Kampuni ya mtandaoni inayomletea wageni ilikuwa imeshamwonya: wastani wake umeshuka, ukishuka tena tangazo lake litaondolewa. Wastani wenyewe ni wa ajabu. Nyota nne kati ya tano, alama ambayo shuleni mtoto angechinjiwa kuku, kule ni aibu.

Kwa hiyo Curtis alipoondoka, Otilia aliketi kuandika. Utaratibu ni kwamba mgeni anaandika kuhusu nyumba, mwenye nyumba anaandika kuhusu mgeni, na hakuna anayeona ya mwenzake mpaka wote wamalize au siku kumi na nne zipite. Angeweza kuyamwaga yote, mbwa na maji na tandiko. Hakuyamwaga. Alilelewa katika guelaguetza: ukimpelekea jirani bata mzinga harusini kwake, siku yako naye atakuja na bata mzinga, na asiyerudisha hana uso wa kupita mtaani. Akampa Curtis nyota tano na sifa tele, akaona amekopesha wema. Lakini Curtis hakuwa na mtaa wa kuonea haya. Siku mbili baadaye aliandika yake, ya wote wawili yakafunguka, na Otilia akaona alichorudishiwa.

Alighadhibika vibaya. Aliiandikia kampuni mara tatu, na mara tatu akajibiwa kwa adabu ileile ya baridi kwamba maneno ya mgeni hayajavunja kanuni. Basi ayafute aliyoandika yeye? Hayafutiki. Angeweza tu kumjibu mgeni hadharani, tena mara moja. Akaandika, akafuta, akaandika. Kila alipofika kwenye mbwa alikumbuka kwamba yeye mwenyewe alikwisha kumwita mwenye mbwa mtu safi, mstaarabu. Nani angemwamini? Aibu ilimfunga mdomo. Hakumwambia mtu, hata Remigia aliyemsimamia mwanawe ubatizo, anayepangisha chumba kupitia kampuni ileile, njia mbili juu ya kwake.

Jumatatu asubuhi Remigia alikuja mwenyewe, wala hakupiga hodi. Mkononi alikuwa na kitambaa cha madhabahu kilichochanwachanwa kwa meno, nyuzi zinaning'inia. Kilikuwa kimemkalisha kwenye mtambo wake wa kufumia miezi mitatu.

"Curtis," alisema Otilia kabla hajaulizwa.

"Kumbe unalijua jina."

"Sikujua kama atakuja kwako, mwenzangu."

"Aliomba Alhamisi. Mimi simpokei mtu bila kusoma alikotoka. Nikakuta jina lako, sikusoma zaidi. Nikasema, akisema Otilia yatosha."

Otilia akaanza kueleza: vitisho vya yule bwana, onyo la kampuni, adabu ya kutomsema mtu aliyekula mezani kwako. Remigia alimwacha mpaka akamaliza.

"Ulimwogopa. Sawa, hata mimi ningeogopa," alisema. "Lakini kuja kwangu ni hatua mia mbili, na hukuja."

Otilia alitamani kumtukana Curtis, ila hasira yote ilikuwa imemgeukia yeye mwenyewe. Mwishowe akaomba jambo moja tu: kwamba Remigia aandike ukweli, walau wengine wapone.

"Nimeshaandika. Nimempa nyota moja, nikaeleza kila kitu." Remigia alikitua kile kitambaa mezani. "Nimeandika pia kwamba mwenye nyumba aliyemsifu kabla yangu ni jirani yangu, kwamba alijua, akanyamaza. Niambie hapo nimekosea wapi."

Otilia alikitazama kitambaa. Hakuona Remigia alipokosea.