Filamu ya Vugo

Mimi sikamatwi. Nilipokuwa na miaka kumi na sita nilitoboa tundu kwenye mkoba, nikaficha ndani kamera ya mjomba, nikaingia nayo vugoni, na wanawake wa Kibokoni kwa wingi wao wasijue. Sasa nina arubaini na tano, kazi yangu kupamba maharusi, na kisa hicho bado nakisimulia kwa fahari.

Ilikuwa harusi ya dadake Mejumaa, shoga yangu tangu chuo cha Kurani. Mama yao, Bi Sheikha, alikuwa amepiga marufuku kamera. Vugo ni ngoma ya wanawake, vichwa wazi, viuno huru, na mafundi wa kusafisha picha mjini walikuwa wanaume watupu. Nilipiga picha kumi na mbili, kisha hofu ikanishika: nimpe nani azisafishe? Filamu ikalala kabatini miaka ishirini na tisa. Bi Sheikha alifariki mwaka uliofuata harusi, akaacha picha moja tu, ya kitambulisho, kanuna kama aliyeuziwa samaki mbovu.

Mwezi uliopita nilijifunza kusafisha filamu mwenyewe, kwa kahawa ya mkebe, magadi na vitamini C. Usicheke, ni dawa kweli. Ile ya kukazia picha niliiagiza Nairobi. Nikamwita Mejumaa, nikamwambia huenda mamake yumo.

Nilidhani ataruka kwa furaha. Mejumaa siku hizi ni mwalimu wa madrasa, mtu wa kupima maneno. Aliketi jikoni kwangu, akavua nikabu, akaniuliza, "Nambia kweli, Fairuz. Mama alijua kama wampiga picha?"

"Ajulie wapi? Nilikuwa fundi, wallahi. Hakuna hata mmoja aliyenishuku."

"Basi ulimwibia. Sura yake naanza kuisahau, na hamu ya kumuona yaniua. Lakini maiti hawezi kusamehe alichoibiwa. Ikiwa hakuridhia, tuichome."

Mdomo huponza kichwa. Nilitamani kuyarudisha maneno yangu, lakini yalikwisha toka. Nikamwomba jambo moja tu: tuisafishe, tuitazame, kisha yeye mwenye mama aamue. Akakubali shingo upande.

Nikajifungia chooni, nikaziba mwanga wa chini ya mlango kwa leso, nikapapasa gizani mpaka filamu ikaingia kwenye kopo lake lisilopenya mwanga. Kisha nikarudi jikoni, nikamimina dawa, nikatikisa robo saa nzima huku harufu ikitufukuza sote wawili. Filamu kuukuu, na joto letu hili. Ingeweza kutoka tupu, na ya pili sina.

Haikutoka tupu. Niliinyoosha dirishani, Mejumaa akaielekezea simu yake, ambayo iligeuza weusi ukawa weupe.

Picha ya kwanza, migongo. Ya pili, nyayo. Ya tatu, nusu ya pembe ya kupigia vugo na bega la mtu. Fundi gani mimi! Zilizofuata zilikuwa za wanawake wakicheza, na kwa kuwa uani kulikuwa na kivuli, na kamera hufumba polepole penye mwanga mdogo, kila uso uliosogea ulikuwa ukungu mtupu.

Tulipofika ya tisa, niliisogelea simu.

Wote walikuwa ukungu isipokuwa mmoja. Bi Sheikha alikuwa amesimama wima katikati ya ngoma, leso kaiteremsha mabegani, kidevu juu, macho yake ndani ya tundu la mkoba wangu. Alikuwa anatabasamu. Alitulia hivi kwamba hata kipini cha puani kilionekana. Niliona haya, haya ya mtoto aliyefumwa, na papo hapo nikafurahi mno.

"Alikuona," Mejumaa alisema polepole. Akairudia picha, akaivuta karibu. "Alikuona, akasimama, akakungoja umpige. Mtu aibiwaye hajitengezi." Machozi yalikuwa yakimtoka huku akicheka, na mimi nikalia naye.

"Nitakusafishia kubwa ya ukutani," nikamwambia. "Yote nzima, na ngoma yake na watu wake."

Akatikisa kichwa. "Mama peke yake. Wale wengine hawakukuona."