Gole la Kuku

Jumapili mchana Machteld, daktari aliyekuwa akisomea upasuaji, alikuwa jikoni kwake, katika chumba cha ghorofani mjini Ghent, akimshona kuku. Gole, kile kifuko cha chakula shingoni, na umio tu, alivyopewa bure na muuza nyama aliyedhani ana paka. Alivifunga ndani ya boksi la viatu, akaingiza simu iwe macho yake, akapitisha vyuma virefu kwenye matundu na kuunga umio na gole, jinsi figo inavyoungwa na mrija wake. Akamimina maji. Hayakuvuja.

Alitamani kumwonyesha mtu. Hakuwa na mtu. Akala mkate na jibini amesimama, akamwandikia mama yake kwamba hajambo.

Jumatatu alimfuata Profesa Ghyselen, mkuu wao wa upasuaji, ukumbini mwa hospitali.

“Prof, operesheni ya figo ya Mama Godelieve naomba niifanye mimi.”

“Una saa ngapi za mazoezi kwenye mashine?”

Mashine ya mazoezi ilinunuliwa kwa bei ya nyumba. Ilifungiwa chumbani, na ufunguo ulikaa mfukoni mwa profesa. Waliopewa ni vijana waliocheza naye tenisi tu.

“Sina hata moja. Ufunguo nimeuomba mpaka nimechoka. Lakini nimefanya kwa boksi, kwa gole la kuku. Nimerekodi, tazama.”

“Kuku!” Profesa akageuka. “Wannes, umesikia? Mwenzako anatibu kuku figo!”

Wannes alicheka mpaka akakohoa. Yeye saa alikuwa nazo tele. Wote walijua kwamba huiwasha mashine, ikahesabu saa, naye akachati.

“Kanuni ni kanuni, binti. Wannes atashona. Wewe utashika kamera.”

Mafunzo yalikuwa yakiisha mwaka ule, na asiyeshona hata figo moja hakuna hospitali ambayo ingemchukua.

Wodini, Mama Godelieve alimshika mkono. Watoto wake walikuwa mbali; daktari huyu ndiye pekee aliyekaa naye.

“Utanishona wewe, mwanangu?”

“Nitakuwepo, mama.”

Siku ya operesheni, wageni waliochangia fedha za mashine walikaa chumba cha pili, wakifuatilia kwenye kioo kikubwa kila ilichokiona kamera ya Machteld ndani ya tumbo. Wannes alivuta uzi kwa pupa. Nyama ikachanika.

“Uzi umekata nyama,” Machteld alisema. “Panavuja.”

“Funga fundo, Wannes,” profesa alisema.

“Prof, mkojo unamwagikia tumboni. Mshono urudiwe. Niachie mimi, tafadhali.”

“Wewe una kazi yako. Wageni wanatazama.” Profesa akainama sikioni mwake. “Sogeza kamera kushoto. Au toka, nimwite mwingine, na usirudi.”

Chini ya mashuka ya kijani Mama Godelieve alikuwa amelala, kinywa wazi.

Machteld akaisogeza. Kwenye kioo panapovuja pakatoweka, yakabaki mafuta ya njano, masafi, yanang’aa. Kutoka chumba cha pili yakasikika makofi.