Diwani Alipobadilisha Manyoya

Usiku wa kuamkia leo niliota bata dume wa mama mkwe wangu amekaa kwenye kochi la sebuleni, amekunja nne, anatazama taarifa ya habari.

"Sikudhani," akaniita jina langu kwa sauti yake ya mkwaruzo, "hebu punguza sauti. Mtu anayebadilisha manyoya hapendi kelele."

Nikapunguza. Sikushangaa. Kilichonitia wasiwasi ni yale manyoya aliyokuwa akiyamwaga kwenye kochi, maana mama mkwe alikuwa anarudi asubuhi.

Bata huyo anaitwa Diwani. Mama alimwacha kwetu hapa Korogwe alipokwenda Handeni kumuuguza dada yake. Alimwacha na kichwa cha kijani kinachong'aa kama hariri, na kijinyoya kimejikunja mkiani kwa maringo. Kisha kijani kikafifia, kijinyoya kikadondoka, na manyoya makubwa ya mbawa yakapukutika kwa mpigo. Diwani akabaki rangi ya udongo, kama jike.

"Mama atasema tumemla, tukamwekea jike," mume wangu Mhando alisema tulipokuwa tunalala. "Alfajiri nitapita sokoni nitafute dume mwingine. Macho ya mama siku hizi si mazuri."

Nilizima taa. Mama mkwe wangu si mtu wa maneno mengi, na tangu niolewe sijawahi kujua ananichukuliaje. Kumdanganya niliogopa. Kumwambia ukweli niliogopa zaidi.

Basi mle ndotoni nikamuuliza Diwani kama anaumwa.

"Mgonjwa hula?" akaniuliza.

"Mara nyingi hali."

"Mimi jana nilikula?"

"Ulikula, ukamaliza, ukapindua na sahani."

"Sasa naumwa wapi?"

Jikoni, kopo la dagaa likaanza kugonga mfuniko wake. Nikalifungua. Dagaa wote wamesimama wima, wamejipanga mstari.

"Sisi ndio manyoya," akasema wa mbele. "Tunasubiri kuitwa. Wewe unampa pumba tupu. Tutaingiaje kazini?"

Nikawaomba radhi. Beseni nalo likalalamika kwamba halina kina, kwamba bata asiyezamisha kichwa ataoshaje macho na pua. Nikaomba radhi mara ya pili.

Nageuka nirudi sebuleni, sebule haipo. Niko ndani ya ubawa wa Diwani. Ni kama shamba la miwa. Mabomba marefu yamesimama kila upande, yana joto kama chupa ya chai, na ndani yake nasikia damu ikipanda. Ncha zake zimefungwa kwa kitu mfano wa karatasi.

"Usiegemee," sauti ya Diwani inatoka juu. "Hayo ni manyoya machanga. Ukivunja moja, damu itafika mpaka kwa jirani."

Natembea kwa ubavu, nimebana pumzi. Shamba linapanda mlima, natokea shingoni. Huko, karatasi moja imechanika. Nachungulia. Ndani mna kijani, kimekunjwa vizuri kama shati jipya la dukani.

Nalia. Sijui kwa nini nalia, ni shati tu.

Nafuta machozi, niko uani. Mhando ameshika brashi, anampaka bata jike wa jirani rangi ya kijani ya geti kichwani. Jike ametulia, anajitazama kwenye kioo.

"Ongeza kidogo shavuni," anasema jike.

"Mke wangu, nishikie kopo," anasema Mhando.

Nanyoosha mkono. Diwani anakuja polepole, anasimama katikati yetu. Anageuza shingo, anasugua mdomo pale juu ya mkia penye kifuko chake cha mafuta, kisha anaupitisha mdomo huo juu ya mkono wangu, taratibu, mpaka kwenye vidole.

"Mkono huu haushiki rangi tena," anasema.

Nalijaribu kopo. Linateleza, linaanguka.

"Kweli," nasema.

"Nimekwambia," anasema.

Nikaamka. Mhando alikuwa anafunga kamba za viatu.

"Usiende sokoni," nikamwambia. "Nenda kazini kwako. Mama nitamweleza mwenyewe."

"Akikasirika je?"

"Akasirike, lakini ajue ukweli."

Alinitazama, akacheka kidogo, akaenda zake kazini. Nikatoka uani. Diwani alijinyoosha, nikaona mbawa zake: vijiti vyeusi vyeusi vimechomoza, kulia na kushoto sawasawa. Sikuvigusa. Nikamjazia maji sufuria kubwa ya shughuli, nikamchanganyia dagaa kwenye pumba. Alizamisha kichwa chote, akakitoa, akajikung'uta.

Mama mkwe aliingia jua likiwa limeshakolea.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Diwani wangu yuko wapi?"

Nikamwonyesha. Akatazama muda mrefu.

"Huyu ni jike."

"Ndiye mwenyewe, mama," nikasema. "Anabadilisha manyoya. Kijani kitarudi."

Akachuchumaa, akamwita kwa ulimi. Diwani akamkimbilia, akitoa ule mkwaruzo wake.

"Jike angepayuka mpaka mtaa wa pili," mama akasema. "Sauti hii naijua. Mwaka jana alipopukutika hivi hivi, watu waliniambia nimchinje, eti anakufa. Wewe umemlisha." Akanyanyuka. "Asante, mwanangu."

Nikamkaribisha chai, nikachukua jagi nimnawishe. Maji mengine yakanimwagikia mkononi. Hayakunilowesha. Yalikusanyika matone matone, kama juu ya jani la mgimbi, yakaviringika, yakaanguka.

Mama aliyaona. Akaitazama milango yote miwili, kisha akaweka mkono wake chini ya jagi.

"Nimiminie," akasema.

Nikammiminia. Mkononi mwake nako yakaviringika.

"Mhando usimwambie," akaninong'oneza. "Atataka na yeye apakwe."