Turubai Kwenye Ukumbi wa Madiwani

Usiku wa jana, hata mto haujapata joto, niliota nimeitwa kwenye kikao cha baraza la madiwani kujadili maegesho ya magari mtaani kwetu. Nilikuwa nimevaa khanga ya kulalia na kandambili za mume wangu, na hakuna aliyeona ajabu. Hata mimi sikuona.

Kikao chenyewe nilikuwa na hamu nacho, sikatai. Jumamosi namwoza binti yangu Salha, na mtaani kwetu turubai la harusi hufungwa barabarani, mbele ya nyumba ya mwenye shughuli. Ndivyo tulivyozaliwa tukakuta. Lakini mbele ya nyumba yangu kuna pikapu ya jirani yangu Bwana Kitwana, ambayo haijawaka tangu Salha akiwa darasa la pili, na mwenyewe amekataa katakata kuisogeza. Anasema barabara haina mwenyewe. Tumenuniana mwezi mzima. Sasa baraza likipitisha sheria yake ya maegesho, pikapu ile itapata haki ya kulala pale milele, na wakwe zangu nitawaketisha juu ya bati.

Ukumbini, madiwani walikuwa koni za barabarani, zile za rangi ya machungwa, zimekaa kwenye viti vya ngozi. Meya alikuwa kizuizi cha getini, lile bomba refu lenye mistari myekundu na myeupe. Akitaka mtu aseme, anainua mkono wake. Akimchoka, anaushusha.

"Kamati ya ushauri ya wananchi imefika?" akauliza Meya.

"Imefika," ikajibu ndoo.

Nikatazama. Kwenye benchi la wananchi hakukuwa na mwananchi hata mmoja. Kulikuwa na ndoo ya Mama Chiku, tofali, kiatu kimoja cha kushoto, na kiti cha plastiki chenye miguu mitatu. Watu wa mtaa wetu walifika mapema, wakaona foleni ndefu, wakafanya kama tunavyofanya bombani: wakaacha vitu vyao vishike nafasi, wakarudi nyumbani kuangalia mboga. Na kwa kuwa kwetu ndoo ikishaingia foleni ni sawa na mwenyewe, koni zikakubali kwamba akidi imetimia.

"Nikisema mimi, amesema Mama Chiku," ndoo ikanieleza. "Nikijaa mimi, ameshiba."

Mwisho wa benchi ilikaa ile pikapu, imevimba kwa niaba ya Bwana Kitwana. Haikunisalimia.

Koni moja inasimama, inasoma rasimu. "Kifungu cha kwanza. Mbele ya nyumba ni mali ya gari. Nyumba isiyo na gari haina mbele."

Papo hapo niko nyumbani kwangu, na nyumba haina mbele. Mlango umehamia chooni. Madirisha yote yanatazama ukuta wa jirani. Salha anatokea, hina bado mbichi mkononi.

"Mama, bwana harusi ataingilia wapi?"

"Subiri, mwanangu. Huenda kifungu cha pili kikatuachia paa."

Nilijibu hivyo kwa utulivu, lakini moyoni nilikuwa nalalamika. Mtoto mmoja, harusi moja, halafu wakwe niwapitishe chooni!

Nageuka, niko ukumbini tena, na sasa hasira zimenipanda.

"Mheshimiwa Meya, naomba kuchangia."

Mkono unainuka.

"Ninyi mnaopanga barabara za watu, mmewahi kukaa chini ya turubai?"

Koni zinaangaliana. Hazijawahi. Zimezaliwa bohari, zimekulia bohari.

"Hilo turubai linafungwa kwa kibali gani?" anauliza Meya.

"Halina kibali. Kamba moja unafunga dirishani kwa jirani, nyingine kwenye nguzo, na mwenye gari anasogeza kabla hajaambiwa. Leo kwangu, kesho kwako."

"Haiwezekani," anasema Meya. "Hebu nionyeshe."

Alinichokoza pabaya. Nikajifunga kibwebwe. Kiti cha miguu mitatu kikashika kamba ya kwanza, tofali likaikalia ya pili, ya tatu nikaifunga kwenye mkono wa Meya mwenyewe. Turubai la bluu likapanda, likafunika ukumbi mzima. Vigelegele! Sijui nani alipiga, nadhani ni kile kiatu.

Na mnajua ilivyo. Chini ya turubai la harusi hakuna mgeni rasmi, ukionekana huna kazi unapewa vitunguu. Mara koni za kamati ya fedha zinamenya vitunguu maji huku zinalia. Koni za mipango miji zinachambua mchele na kugombana nani ameacha mchanga. Sufuria la pilau liko katikati, na chini yake rasimu ya sheria inawaka vizuri sana. Ndoo inapita, inatia chumvi. Meya anaonja, anatia chumvi. Kiatu hakitaki kupitwa, nacho kinatia. Mimi nacheka mpaka mbavu zinauma. Sijawahi kufurahi hivi ndani ya jengo la serikali.

Ni pikapu tu iliyobaki imenuna, tena palepale pa kuketi wakwe.

Nikapakua sahani, nikaiendea. Hapo ndipo penye kazi, maana kwetu aliyekula chakula cha shughuli hawezi tena kuizuia, na mwenye kinyongo hali. Mimi najua, na pikapu inajua.

"Jirani," nikaiambia, "siku Salha anazaliwa, ni wewe uliyetutoa hospitali. Gari la kwanza alilopanda mwanangu ni wewe. Nakuomba, ule."

Koni zikaacha kumenya. Kisha pikapu ikafungua boneti, polepole, nami nikamimina pilau pale penye injini. Ikatafuna. Taa moja ya mbele ikawaka.

"Nisukumeni," ikasema.

Ukumbi ukalipuka! Koni zinasukuma, ndoo inasukuma, Meya anasukuma na kamba yake mkononi, mimi nasukuma kandambili zimenitoka.

"Wanaokubali?" Meya anapiga kelele huku anahema.

"Ndiyooo!"

Nikaamka nimeushika mto kwa mikono miwili, naukandamiza ukutani.

Kulikuwa kumekucha. Nje nikasikia watu wanahimizana na tairi linakwaruza. Nikatoka mbio. Bwana Kitwana na wapangaji wake walikuwa wanaisukuma pikapu kuelekea kiwanja cha nyuma, na mbele ya nyumba yangu palikuwa peupe, pana, pananitosha mimi na wakwe zangu wote. Machozi yakanitoka mbele ya mtaa mzima na sikuyafuta.

Aliponiona, akawaacha wenzake wanasukuma, akaja.

"Umeamkaje, Mama Salha?"

"Salama, jirani. Na wewe?"

"Salama." Akatazama huku na huku, akainama kidogo, akashusha sauti wapangaji wasimsikie. "Ila hiyo Jumamosi, jirani yangu, chumvi atie mtu mmoja."